Eragon haikukuvutia? Tatizo si wewe

Ndugu yangu, unasema kila mtu alikusifia Eragon, ile riwaya ya mvulana na joka, ukaisoma hadi mwisho, na sasa unajiuliza kama una kasoro kwa kutoipenda. Huna. Mimi nilipofika pale mzee Brom anapokata roho, sikushtuka hata kidogo. Mvulana wa shambani, mzee mwenye siri, upanga, mfalme dhalimu: njia hiyo imekanyagwa na wengi, na ukishaijua unaona kona kabla hujaifikia.

Ila kumbuka Christopher Paolini alianza kuiandika akiwa na miaka 15, na familia yake ndiyo iliyoichapisha kwanza mwaka 2002. Hilo halifuti yale maelezo marefu ya milima na mabonde. Lakini mtoto wa miaka 12 ambaye hajawahi kukutana na joka kitabuni anaweza kuimeza kwa siku mbili, na nadhani sifa nyingi ulizosikia ni kumbukumbu za umri huo.

Usijilazimishe kumaliza juzuu zilizobaki. Kama kilichokushika ni uchawi wa kuita vitu kwa majina yake ya kweli, tafuta A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ya 1968. Humo kijana Ged, kwa kiburi chake, anafungulia kivuli asichoweza kukirudisha, kisha kinamwandama. Kitabu ni kifupi, na hakuna ukurasa wa kujazia. Kama ulimpenda Saphira tu, yule joka wa Eragon, jaribu sura chache za juzuu ya pili. Ukichoka, weka chini.