Wasomaji Wanauliza: Urithi wa Wavuvi Huhifadhiwaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu alikuwa fundi wa mitumbwi hapa Igombe, Mwanza. Siku hizi mtumbwi wa mbao ukichakaa hupasuliwa kuni, na vijana hawajui ulivyoundwa. Nasikia vijiji vya wavuvi vya Bahari ya Mediterania bado vina vyombo vyao vya asili. Wao walifanyaje?
Msomaji, Igombe

JIBU: Ndugu msomaji, nichukue mfano wa Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi kilichoko kusini-mashariki mwa Malta, nchi ya visiwa katika bahari hiyo. Bandarini mwake mngali na luzzu, chombo cha mbao kilichochongoka omo na tezi, yaani mbele na nyuma, kinachopakwa rangi ya manjano, nyekundu, kijani na buluu, na ambacho omoni huwa na jozi ya macho, desturi ambayo wengi huihusisha na Wafoinike, mabaharia wa kale wa Mediterania. Uzuri peke yake haungekiokoa. Luzzu ni imara hata bahari inapochafuka, kwa hiyo wavuvi walipoacha tanga walikifunga injini ya dizeli, wakaendelea kukitumia.

Mimi nathamini zaidi maarifa yao ya uvuvi. Kuanzia Agosti hadi Desemba, wavuvi wa Malta huvua samaki aitwaye fulusi kwa kuweka majini maboya yenye makuti ya mitende, kwa sababu samaki huyo hupenda kukusanyika kivulini, na njia za baharini za kutegea maboya hayo hugawanywa kwa kura ili watu wasigombane. Wavuvi wetu wa dagaa huvuta samaki kwa taa, usiku wa giza usio na mbalamwezi. Wale huvuta kwa kivuli mchana. Elimu ya namna hiyo haionekani kwa kuutazama mtumbwi uliowekwa ukutani, nayo ndiyo hupotea kwanza.

Basi anza na mafundi waliofanya kazi na babu yako, maadamu wapo. Mrekodi mmoja wao kwa simu tangu anapochagua mbao, anapolaza mkuku (uti wa chini wa chombo) na kupachika mataruma (mbavu zake), hadi anapokalafati, yaani kuziba nyufa kati ya mbao, akitaja kila kitu kwa jina alilozoea, liwe la Kisukuma, Kikerewe au Kijaluo. Nakala moja ibaki kwenu. Kuhusu nyingine, waulizeni Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kule Kisesa, kama wataipokea. Mkipata mtumbwi mmoja unaofaa kutengenezwa, utengenezeni na kuurudisha ziwani, vijana wakiwa ndio wasaidizi wa fundi.