Makoto Kino: ngumi, chakula cha mchana na sketi ndefu

Shikamoo mhariri. Kaka yangu anasema Makoto wa Sailor Moon, ile katuni ya Kijapani ya wasichana wapiganaji, aliingizwa ili kundi lipate mtu wa kupigana tu, na kwamba mapishi na maua walimbandika baadaye asionekane jikedume. Mimi nampenda kuliko hata Usagi, shujaa mkuu. Nani mkweli? (Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya)

Marahaba. Mwambie kaka arudie episodi ya 25 ya mfululizo wa kwanza, ule ulioanza kuonyeshwa Japani mwaka 1992. Humo ndimo Makoto anamoingia. Anamwokoa Usagi mikononi mwa wahuni, kisha tunamkuta shuleni wanafunzi wakimkwepa kwa sababu imevuma kwamba alifukuzwa shule ya kwanza kwa kupigana. Usagi peke yake ndiye anayemsogelea, na kinachomvuta ni chakula cha mchana ambacho Makoto amejipikia. Kabla episodi haijaisha ameshampenda Joe, kijana hodari wa mashine za kunasia midoli. Ngumi, sufuria na moyo mwepesi, vyote ndani ya dakika ishirini na kitu. Hilo "baadaye" la kaka liko wapi?

Na maua yamo kwenye jina. Makoto akigeuka mpiganaji huitwa Sailor Jupiter. Sayari ya Jupiter kwa Kijapani ni Mokusei, yaani nyota ya mti, na herufi hiyohiyo ya mti ndiyo inayoanza jina la ukoo la Kino. Radi anazopiga zimetoka kwa Jupiter wa Warumi, mungu wa ngurumo. Mimea imetoka Japani. Naoko Takeuchi, aliyeichora manga yake (hadithi ya picha ya kitabuni), aliviweka pamoja tangu mwanzo. Katika manga wazazi wa Makoto walikufa kwa ajali ya ndege na binti anaishi peke yake. Mtoto wa miaka 14 anayeishi peke yake asipojua kupika atakula nini? Sisi tunaona jiko lake ni sehemu ya ukakamavu wake, kama ngumi zilivyo.

Sketi nayo ina maneno yake. Shule mpya haikuwa na sare ya kumtosha, kwa hiyo anavaa ya zamani, yenye sketi ndefu ya kahawia. Kwa mtazamaji wa Japani sketi ndefu ya shule ilimkumbusha wasichana watukutu wa miaka ya 1970, kwa hiyo alishahukumiwa kabla hajafungua mdomo. Halafu unatazama masikioni unakuta hereni za waridi.

Kama kuna kitu cha kulaumu, ni ule mzaha wa kila mvulana kumkumbusha kaka wa darasa la juu aliyemvunja moyo. Mara tatu unachekesha. Mfululizo ule una episodi 200.

Nataka kushona hiyo sketi ya kahawia. Kiuno changu sm 72, nyonga 96, urefu ninaotaka ni sm 85. Fundi anasema mita moja na nusu inatosha. (Msomaji, Mafinga)

Haitoshi, labda ukubali sketi isiyo na marinda ya maana. Rinda la kulalia upande mmoja hula kitambaa mara tatu ya kile kinachoonekana. Kwa kiuno chako marinda 24 ya sm 3 yanaingia bila kubaki. Kila rinda ni sm 9, tatu juu na sita zimejificha, jumla sm 216. Ongeza sm 4 za mishono miwili ya pembeni, unapata 220. Nunua kitambaa cha upana wa sm 150, ukate vipande viwili vya upana sm 110. Urefu wa kila kipande ni 85, pindo 5 na mshono wa juu 2, yaani sm 92. Mara mbili ni 184, kwa hiyo mita 2. Ule utepe wa sm 40 unaobaki pembeni unatoa mkanda wa kiunoni: urefu sm 78, upana 8.

Pima kiuno juu ya blauzi, siyo juu ya ngozi.

Pindo lishonwe kwanza, kabla ya kukunja rinda hata moja. Mafundi wengi huliacha mwisho, na ndiyo maana sketi huishia kupanda upande mmoja: kunyoosha pindo kwenye mikunjo 24 ni kazi ya kukesha. Baada ya pindo chora mistari kwa chaki na rula. Usikubali kukadiria kwa jicho. Kosa la milimita 2 kwa kila rinda linakuwa karibu sm 5 kiunoni, na sketi haifungi. Rinda lionekane sm 3 kiunoni, lakini lifunguke polepole hadi sm 4.2 kwenye nyonga. Ukilishona 3 mpaka chini ya nyonga, marinda yatapasuka mdomo unapotembea.

Piga bandi marinda yote, kisha weka kitambaa cha pamba kilicholowa maji vikombe vitatu na siki kikombe kimoja, ndipo upige pasi. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, siki isije ikaacha doa. Usitoe bandi mpaka sketi ipoe kabisa. Chagua kitambaa cha sare chenye poliesta. Pamba tupu marinda yake hufumuka ukifua mara moja. Kama pasi ni ya mkaa, hicho kitambaa cha juu usikitoe hata dakika moja, poliesta huyeyuka na kung'aa kama imepakwa mafuta.

Hereni za waridi nazipata wapi, na nywele nifanyeje? Shuleni tunanyoa. (Msomaji, Iringa mjini)

Hereni tengeneza. Changanya wanga wa mahindi na gundi nyeupe ya mbao, kijiko kwa kijiko, matone matatu ya mafuta ya kula na mawili ya ndimu ili lisiote ukungu. Kanda donge hilo mpaka lisishike vidole. Kunja petali moja iwe kitovu, zungushia nyingine sita. Ua zima lifanye sm 1.5, kwa sababu likikauka linapungua. Likaushe kivulini, wakati wa mvua huku kwetu litachukua hata siku tatu. Ukiliweka karibu na jiko, nje yake kutatangulia kukauka na petali zitapasuka. Lipake rangi ya kucha ya waridi, kisha ligundishe kwenye hereni ya kubana.

Nywele ni wigi la rasta rangi namba 30, kahawia yenye wekundu, lishonwe juu ya kofia ya wavu, lifungwe mkia juu kisogoni. Lastiki iwe ya kijani yenye gololi mbili za kijani. Ukisahau gololi watu watakuuliza wewe ni nani.