Maswali yenu: Kile kidude kinachozunguka kinapimaje nyumba bila futi kamba?

SWALI: Asalaam aleykum. Mie mkaazi wa Mkunazini, Unguja. Juzi walikuja vijana wawili wakasimamisha kidude cha miguu mitatu mbele ya mlango wetu wa zamani, kikawa kinazunguka chenyewe, na ukutani wakabandika karatasi za vyumba vyeusi na vyeupe kama drafti. Nlipouliza wakanambia wanapima nyumba kwa leza. Futi kamba hawana, kamba hawana. Inawezekana vipi? Na mama anauliza kinaona mpaka ndani, maana siku ile kafungua dirisha na hajajifunga mtandio.

JIBU: Waaleykum salaam dada. Mwambie mama atulie kwanza, ntafika huko. Hicho kidude kinaitwa laida, na ukweli hakipimi nyumba, kinapima muda tu. Kinarusha mwanga wa leza (nuru jamani, sio wale wanga wa usiku) kwa mapigo mafupi mno, kila pigo linakwenda linagonga ukuta, kidogo chake kinarudi, na ndani mna saa inayohesabu limechukua muda gani kwenda na kurudi. Mwanga kasi yake inajulikana, kama kilomita 300,000 kwa sekunde, basi ukishajua muda ushajua masafa.

Kazi ni huo muda wenyewe, mdogo hata kuufikiria shida. Chukua sekunde moja uikate vipande bilioni moja, kipande kimoja ndio nanosekunde, na ndani ya hicho kipande mwanga unakwenda sentimita 30 tu. Sasa tuseme ukuta wenu uko mita 3 kutoka kwenye mashine, mwanga uende mita 3 urudi mita 3, nanosekunde 20 kazi imekwisha! Na ukitaka usikosee zaidi ya sentimita moja hiyo nanosekunde yenyewe inabidi uikate tena vipande kama 15. Ndio maana vidude hivi bei yake haisemeki.

Lakini masafa peke yake hayakupi picha. Ndani mna kioo kinachozunguka mbio kinautupa mwanga juu mpaka chini, na mashine nzima inajigeuza pole pole, kila pigo linaandikwa pamoja na upande lilikoelekezwa. Ukiwa na masafa na upande, nukta moja ishapata pahala pake, na kidude kinakusanya malaki ya nukta kwa sekunde, ukizitazama kwenye kompyuta unaona nyumba nzima imesimama kama wingu la vumbi, unaizungusha, unaingia, unapima dirisha kwa dirisha. Pale kiliposimama hakioni nyuma ya baraza, kwa hivyo wanakihamisha wanapima tena, na zile karatasi za drafti ndio alama za kuunganishia vipimo vya huku na vya kule.

Mama sasa. Ukuta wa mawe na chokaa mwanga haupiti, wallahi. Dirisha likiwa wazi unaingia na unagonga kilichopo, ila mtu anayetembea anatoka vipande vipande, hajulikani. Lakini mashine nyingi zina na kamera ya kuzipaka nukta rangi, hiyo ndio ya kuwauliza vijana. Macho yasikutishe kama kibandiko kinasema leza ya daraja la 1, mie naogopa zaidi vile vitochi vya leza wanavyochezea watoto.

Kitu kimoja cha kuchekesha, zile njumu za shaba mlangoni mkizisugua zikang'aa sana zinaisumbua mashine, mwanga unaruka pembeni badala ya kurudi, na vioo ndio kabisa, unaweza kukuta chumba ambacho hakipo.

Faida yake? Kanisa la Notre-Dame kule Paris liliungua Aprili 2019, na mwanahistoria Andrew Tallon alikuwa ashalipima kwa leza miaka ya nyuma, nukta zaidi ya bilioni moja, kwa hivyo vipimo vya jengo vilikuwepo hata paa lilipokwisha. Sie Beit el Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilituanguka upande Disemba 2020. Nyumba yenu ikipimwa, waombeni na nyie nakala.

SWALI: Niko Wete. Simu yangu ni iPhone 12 Pro, nasikia ina laida, nataka kupima mikarafuu ya baba. Na zile droni zilizopiga ramani ya Zanzibar 2016 zilikuwa laida pia?

JIBU: Kuwa nayo unayo, ila inafika kama mita 5 basi, mkarafuu uliokomaa unaipita, utapima shina tu. Za 2016 zilikuwa kamera, picha zinapandanishwa mpaka umbo linatoka, rahisi zaidi lakini chini ya majani kamera haioni. Laida ya angani inarusha mapigo mengi, mengine yanapenya baina ya majani mpaka chini, pigo moja linaweza kurudi mara kadhaa, kwanza jani, halafu tawi, mwisho udongo. Ukiyafuta ya majani unabaki na ardhi tupu. Kule Caracol, nchi ya Belize, Amerika ya Kati, mwaka 2009 walirusha ndege hivyo juu ya msitu, wakaona matuta ya mashamba na njia za mji wa Wamaya wa kale. Msitu wa Ngezi ungefaa sana kwa kazi hii, mie natamani.

SWALI: Mvuvi, Mkoani. Inapima kina cha bahari?

JIBU: Ndio, lakini leza iwe ya kijani, ile isiyoonekana kwa macho inamezwa na maji pale pale juu. Ya kijani inarudi mara mbili, usoni mwa maji halafu chini mchangani, na tofauti ya muda ndio kina. Inataka maji meupe, hapo inafika makumi ya mita hivi, kwenye miamba ya pwani sawa. Mkondo wa Pemba haifiki chini, na maji yakichafuka hata pwani bora utie bildi.