Uduvi wangu wanakufa nikibadilisha maji

SWALI: Shikamoo Babu. Sebuleni nina tangi la kioo la lita 40, lenye uduvi wekundu wa maji baridi niliopewa na rafiki yangu wa Dar es Salaam. Kila Jumamosi namwaga nusu ya maji na kujaza ya kisima. Ikifika Jumatatu nakuta wawili watatu wamelala ubavu, wana mstari mweupe nyuma ya kichwa. Majirani wananicheka, eti nafuga kitoweo. Nakosea wapi?
— Msomaji wa Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Waache wacheke, hicho kitoweo hakijazi hata kijiko.

Mstari huo mweupe ndio ulionipa jibu. Uduvi hukua kwa kujivua gamba. Maji yakibadilika ghafla, gamba hupasuka kabla hajawa tayari, linakatika duara mzima, naye anashindwa kujichomoa. Kwa hiyo usitafute dawa, tena dawa nyingi za samaki zina shaba, nayo ni sumu kwao. Punguza hiyo nusu tangi.

Maji ya visima vyetu unayajua: tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako la chai. Jua na upepo wa Dodoma hukausha maji ya tangi upesi, ila chokaa inabaki. Ukifidia kwa maji ya kisima, unaongeza chokaa juu ya chokaa. Mimi Januari naacha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha nakinga madumu kumi. Hayo ndiyo ya kufidia yaliyokauka. Ya kisima nabadilisha sehemu moja ya kumi tu kwa wiki, yakidondoka tone tone kwa mpira mwembamba niliopiga fundo. Gamba lililovuliwa usilitoe, watalila wenyewe.

Baridi ya Julai isikutie hofu, asili yao ni Asia Mashariki na nyuzi 18 wanazimudu. Ogopa dawa ya mbu. Mwaka juzi nilipuliza chumbani jioni huku pampu ya hewa inanguruma. Pampu huvuta hewa ya chumba na kuishindilia majini, na kinachomuua mbu humuua uduvi pia. Asubuhi hakuwapo hata mmoja aliyesimama. Mke wangu hakusema neno; alichukua chujio la chai akaanza kuwaopoa. Jioni yake nikanunua chandarua, na chujio jipya.