Bunduki ya Mtumba Ikigoma Kulia, Soma Ganda Kwanza

Mtu akinunua bunduki ya mtumba ikamgomea, mkono wake hukimbilia bisibisi. Naomba bisibisi ikae kwanza. Nazungumzia zile .22 (namba ya unene wa risasi, kwa inchi) za kizamani za risasi moja, za bolti, kile chuma unachokivuta kwa mkono kufungua na kufunga nyuma ya mtutu, ambazo huku kwetu Tanga bado unazikuta kwa wazee wenye mashamba Muheza na Pangani, ngedere wakizidi kwenye mahindi. (Nguruwe pori si mnyama wa .22, hilo tulimalize hapahapa.)

Ukivuta kifyatulio ukasikia "ta" halafu kimya, usifungue bolti papo hapo. Acha mtutu uelekee mahali salama, usubiri nusu dakika au zaidi. Mara chache fataki, yaani kile kilipuzi kidogo kinachowasha baruti, huchelewa kushika moto, na risasi ikilipuka wakati bolti iko wazi, ganda hupasuka mbele ya uso wako. Na kama badala ya "ta" umesikia kishindo kidogo cha ajabu, usiweke risasi nyingine. Huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu.

Ganda likitoka, lipeleke kwenye mwanga. Risasi ya .22 haina fataki katikati kama ya shotgun. Unga wa fataki umejazwa ndani ya ukingo wa kitako, mzunguko mzima, na pini hufanya kazi ya kuubamiza ukingo huo kwenye chuma cha chemba, pale risasi inapokaa. Basi tazama alama. Ikiwa imezama vizuri na risasi haikulia, shuku risasi, hasa kama imekaa miaka kwenye droo ya nyumba iliyo jirani na bahari. Jaribu za boksi jingine, mpya. Ikiwa hakuna alama kabisa, pini imevunjika au imenasa. Alama hafifu, kama ya ukucha, ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi, na sababu yake mara nyingi ni uchafu.

Uchafu gani? Mafuta ya jikoni. Mzee mmoja wa Pangani aliniletea yake akilalamika kwamba bunduki ina shetani: shambani Pangani inalia, akienda nayo kwa mkwewe Lushoto asubuhi inagoma.

"Shikamoo babu. Unaipaka nini?"

"Marahaba mwanangu. Mafuta ya nazi, safi kabisa, anakamua bibi yako mwenyewe."

Hapo kazi ilikuwa imeisha. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Pwani mchana ni nadra kufika huko, lakini Lushoto mwezi wa saba asubuhi, pini inasukuma samli. Mafuta ya alizeti yana ubaya mwingine: hayagandi kwa baridi, ila yakikaa muda mrefu yanageuka ulimbo, na vumbi linanasa humo.

Dawa yake ni rahisi. Hakikisha bunduki haina kitu, kwa jicho na kwa kidole ndani ya chemba, kisha toa bolti nzima. Iloweke kwenye mafuta ya taa, mbali na moto, usugue kwa mswaki wa zamani mpaka majimaji yanayotoka kwenye tundu la pini yaache kuwa kahawia. Futa, iache ikauke kabisa, halafu tone moja la mafuta ya cherehani. Nimesema tone. Watu wa pwani tunaogopa kutu hata tunaogesha chuma, na mafuta yakizidi yanarudisha ugonjwa uleule.

Kupima kama imepona, usigongeshe bolti bila kitu ndani. Kwenye .22 nyingi za zamani pini hufika kwenye ukingo wa chemba, na ukiizoeza hivyo inauchimba. Chukua ganda lililokwisha kulia, lirudishe ndani ukiwa umelizungusha ili pini ikute sehemu mpya ya ukingo, fyatua, litoe. Linganisha alama ya sasa na ya kabla ya kusafisha. Tofauti utaiona bila miwani.

Kama alama bado ni hafifu, mulika chemba kwa tochi. Ukiona kishimo ukingoni, mahali pini inapotua, ujue mwenye bunduki wa zamani alikuwa akiichezea tupu. Ukingo wa risasi unakosa kitu cha kuuegemea, kwa hiyo pini inaudidimiza tu bila kuubana. Hiyo haitibiki nyumbani. Springi inayosukuma pini nayo, ikichoka, usiivute irefuke. Itarudi ilivyokuwa baada ya muda mfupi. Na fundi yeyote anayekwambia atachonga pini kwa msumari, mshukuru, uondoke. Pini ndefu mno hutoboa ganda, na gesi ya moto inarudi kwako.

Mpelekee fundi mwenye leseni, nyaraka zako za umiliki zikiwa mkononi, maana silaha na risasi zina sheria yake ya mwaka 2015 na polisi hawana utani nayo. Hata kuinunua, umiliki haujahamia kwako mpaka polisi wapitishe, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Mpe fundi na maganda uliyopigia majaribio, yale ya kabla na ya baada, umwambie lipi ni lipi. Risasi zilizogoma usizitupe jalalani wala motoni; waulize polisi pa kuzisalimisha.