Bia ya Bomba Ukiibeba Nyumbani, Usiiweke

Laga, aina ya bia, haina pa kujificha. Bia nyeusi au iliyojazwa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, huweza kufunika kasoro ndogo, lakini laga ya rangi ya dhahabu, kama ile pilsner iliyozaliwa mjini Plzeň, Ucheki, mwaka 1842, huanika kila kitu. Hamira yake hufanya kazi kwenye baridi, kisha bia hulazwa majuma kadhaa karibu na nyuzi 0 za Selsiasi. Kiwanda kidogo kinachovumilia muda wote huo mimi nakiheshimu sana.

Ukienda kuonja, anza na nyepesi. Usiipende baridi ya kuganda, ulimi utakufa ganzi. Nyuzi 5 hadi 8 zinatosha. Angalia glasi: viputo vikiganda ubavuni, ina mafuta, omba nyingine. Nusa povu likiwa bado bichi. Unatafuta harufu ya mkate mpya itokayo kwenye kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, na uchungu unaokauka haraka mdomoni. Ukikuta ladha ya siagi, mara nyingi hamira haikupewa nafasi ya kumaliza kazi. Ladha ya tofaa bichi nayo huashiria bia iliharakishwa. Harufu ya mahindi ya kuchemsha kidogo naivumilia, ikizidi, naacha.

Sasa ile ya kubeba. Hapa ndipo bia nzuri hupotezwa bure, na adui mkubwa ni oksijeni, ambayo huifanya ladha ifanane na karatasi ya boksi iliyolowa. Kwa hiyo simama kaunta uangalie inavyojazwa. Mpira wa bomba ufike chini kabisa ya chupa, bia ipande polepole bila kurukaruka. Wakiwa na gesi ya kaboni dioksidi ya kufukuza hewa kwanza, waombe waitumie. Povu lifurike mdomoni mwa chupa ndipo kifuniko kifungwe juu yake, maana povu hilo ndilo linaloisukuma hewa nje. Mhudumu anayejali hataona unamsumbua.

Chagua chupa ya kahawia. Mwanga wa jua ukizigusa hopsi ndani ya kioo cheupe au kijani, dakika chache tu zinatosha kuleta harufu ya kicheche, na haiondoki.

Nyumbani, iende moja kwa moja kwenye friji, isimame wima. Usiiache kwenye gari lenye joto wala kuitia kwenye friza, kioo kinaweza kupasuka. Iliyojazwa kwa bomba la kawaida mimi huinywa ndani ya siku mbili tatu, na ukishaifungua, imalizeni siku hiyohiyo, kwa sababu gesi haingoji. Kama mko wawili, nunueni chupa ya lita moja badala ya mbili.

Chupa ikiisha, isuuze papo hapo kwa maji ya moto bila sabuni, iinamishe ikauke bila kifuniko. Mpira wa kifuniko ukianza kupasuka, badilisha.