Kurusha ndege bila adui: ushauri kwa anayetaka kuanza

Watu wakisikia kwamba mchezo wa kompyuta ninaoupenda kuliko yote ni wa kuendesha ndege za kiraia, ambamo hamna risasi, alama wala mshindi, swali linalofuata huwa kama lile la mpwa wangu: "Sasa mjomba, adui yuko wapi?" Ni swali la haki, kwa sababu michezo mingi tuliyoizoea hutupa mtu wa kumshinda. Hapa unayekabiliana naye ni upepo, joto, uzito wa ndege na mwinuko wa ardhi, na vitu hivyo havimwonei mtu wala havimpendelei mtu. Ndege ikitua vizuri unajua kwamba umeitua wewe, na ikitua vibaya sababu yake inaweza kutafutwa na kupatikana. Furaha ya michezo hii, kwa maoni yangu, ni furaha ya ustadi, na ushauri wangu wote unatokana na hilo.

Historia yenyewe inaniunga mkono. Mfululizo wa Flight Simulator, mmojawapo wa michezo hii ya kurusha ndege, ulitokana na kazi ya mwandishi wa programu Bruce Artwick, na toleo la kwanza chini ya jina la Microsoft lilitoka mwaka 1982 likiwa na sehemu ya mapambano ya angani ya mwaka 1917. Sehemu hiyo baadaye iliondolewa, lakini wapenzi wa mfululizo walibaki, na toleo jingine likatoka mwaka 2024.

Anayeanza huvutiwa na ndege kubwa ya abiria. Ninamsihi aiache kwanza, kwa kuwa ndege hiyo hujiendesha yenyewe sehemu kubwa ya safari na humnyima mgeni nafasi ya kuhisi kinachotokea. Chagua Cessna 172, ndege ya injini moja na viti vinne ambayo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1955 na imetengenezwa kwa wingi kuliko ndege nyingine yoyote. Kisha chagua mahali unapopafahamu kwa macho yako mwenyewe, kwa sababu hapo utatambua mara moja kama umepotea.

Mimi nilichagua safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na hadi leo sijaona darasa bora kuliko hilo. Umbali ni kama kilomita 73, karibu moja kwa moja kuelekea kaskazini, na kwa Cessna ni safari isiyofika nusu saa. Pwani ya bara inabaki kushoto kwako, visiwa vya Bongoyo na Mbudya vinapita kulia, kisha unakuwa juu ya maji matupu na unalazimika kuiamini dira mpaka Unguja ijitokeze mbele. Katika kipande hicho cha bahari ndipo utakapojifunza kutumia trimu, yaani kigurudumu kinachoondoa uzito wa usukani mkononi ili ndege ishike kimo chake bila kuvutwavutwa. Mchezaji asiyeijua trimu hupigana na usukani njia nzima; aliyeizoea hushika kwa vidole viwili na kupata nafasi ya kutazama nje.

Kutua ndiko kunakofundisha zaidi. Njia ya kuruka na kutua ndege ya Zanzibar imelala kusini-kaskazini, na namba zake, 18 na 36, zinatokana na nyuzi 180 na 360 za dira. Kwa kuwa ndege hutua ikiukabili upepo, wakati wa kaskazi unaweza kuingia moja kwa moja ukitokea kusini, lakini kusi inapovuma inakubidi uupite uwanja, ugeuke upande wa kaskazini, kisha urudi ukiangalia kusini. Kila mtu wa pwani anazijua pepo hizi kwa sababu ya majahazi na uvuvi. Kuona zikiamua upande wa kutua kulinifanya niielewe upya bahari niliyokulia kando yake. Washa hali ya hewa halisi ikiwa mchezo wako unaweza kuipokea, na usishuke ukiwa na kasi kubwa: karibu maili za baharini 65 kwa saa, flapu (vibawa vinavyoshushwa nyuma ya mabawa) zikiwa chini, zinatosha.

Ukishaizoea Unguja, nenda Arusha, ambako uwanja uko zaidi ya futi 4,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyembamba huipunguzia injini nguvu na kuyanyima mabawa na panga la mbele kitu cha kushika, hivyo ndege itakimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka, hasa mchana wa jua kali. Wakati wa kutua kipima kasi kitaonyesha namba ileile ya Zanzibar, ilhali ardhi itakuwa inakupita kwa haraka zaidi. Na usijaribu kuruka juu ya Kibo. Kilele kina mita 5,895, wakati Cessna 172 ya kisasa ina kikomo cha futi 14,000, yaani chini ya mita 4,300. Mlima huo unazungukwa, kwa upande wa Moshi na Rombo, na mandhari ya mzunguko huo yanastahili jioni nzima.

Kuhusu gharama, usiache kwa kudhani kwamba lazima ununue mashine ya bei kubwa. FlightGear, mchezo mwingine wa aina hii, hupatikana bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, na Cessna imo. Michezo ya Microsoft tangu mwaka 2020, iliyoundwa na Asobo Studio ya Ufaransa, hupakua picha za ardhi wakati unaruka, na hivyo hula bando. Toleo la 2020 lina mahali pa kuweka kikomo cha data, kiweke kabla ya kuruka. Fedha ya kwanza itumie kwa fimbo rahisi ya kuongozea, kwa sababu kibodi haijui kusukuma kidogo.

Ikiwa una nia ya kuwa rubani wa kweli, fahamu kwamba saa za nyumbani hazihesabiwi kwenye leseni, na ujizoeze mapema kuangalia nje kuliko kukodolea macho vipimo. Atakayetaka mazungumzo na waongoza ndege atayapata VATSIM, mtandao wa watu wanaojitolea ulioanzishwa mwaka 2001, unaotumia zaidi Kiingereza cha urubani. Ingia kwanza kama msikilizaji, andika majibu wanayotoa marubani wengine, na safari yako ya kwanza iwe kutoka uwanja usio na msongamano.